Kamba ya Kibla

Msikiti wa Kinooni hauna mnara.
Una ngazi tano za nje, zimelika katikati
kama vijiko vya zamani;
mwadhini hupanda, hushika sikio,
huuita mtaa mmoja tu, nao mtaa husikia.

Mwezi wa Rajabu kamati ilileta rangi ya mafuta,
madebe kumi na mawili, na vigae vya kung'aa.
Babu akaomba siku tisa kabla hawajapaka.
Siku tisa za nini, Fundi Shekuwe?
Za kukwangua, akasema. Ukuta unawashwa.

Nikapewa kushika taa.
Baada ya isha, ndala za mwisho zikiondoka mlangoni,
tuliingia na ndoo, brashi ya makumbi, kisu butu.
Mimi Mwanatumu, mjukuu wa kike,
kibla niliijua kwa mgongo wake tu,
upande wa uchochoroni, ukuta unapotoa nundu
na punda wa jirani hujikuna.

Nilipochoka nililala chali nikahesabu boriti:
arubaini na moja, mbili zimeliwa na mchwa.
Hakuna chumba cha zamani Amu kilichouzidi mkoko kwa upana.
Mti ndio uliopima safu,
mti ndio uliosema: watu kumi na wanne, bega kwa bega, basi.

Rangi ilibanduka tabaka kwa tabaka.
Kijani. Samawati. Kijani tena, cha watu wengine.
Maziwa yaliyochacha.
Kisha chokaa yenyewe, iliyochomwa kwa magogo
na kulazwa shimoni mwaka mzima,
laini kama ganda la yai, ikinuka bahari.

Vishimo sita vya mabakuli ya Uchina vikafumbua macho.
Mabakuli yalikwenda, na aliyeyachukua hakuaga.
Kimebaki kigae kimoja, kina mguu wa ndege
asiye na jina upande huu wa maji.

Na kuuzunguka upinde, kamba:
kamba ya jiwe, matumbawe yaliyochongwa yangali mabichi,
ikipanda nguzo ya kulia pindo kwa pindo.

Usiku wa sita babu akasita.
Hapa, shubiri mbili chini ya kilele,
msokoto umegeuka. Ulilalia huku, sasa unalalia kule.
Fundi alisinzia, akasema. Au alilewa njaa.

Mimi sikusema kitu. Mkono ulisema.
Huu wa kushoto, uliochapwa chuoni,
uliofungwa kitambaa wakati wa kula
mpaka ukajifunza kukaa mapajani kama mgeni,
uliinuka, ukaingia mle mifuoni
kama kisu alani.
Kila mfuo ulianzia gumba langu linapoanzia.

Babu, huyu ni mwingine. Huyu ni wa kushoto.

Akaichukua taa. Akatazama jiwe, akatazama mkono,
akajikuna ndevu, chokaa ikadondoka.
Basi wa kwanza alikufa, akasema,
au alikwenda Hija, au walikosana ujira,
kazi akaachiwa mwanafunzi.
Hakusema mwanafunzi wa kiume wala wa kike.
Alikuwa yeye, basi; lugha yetu haikumuuliza.

Siku ya tisa kamati ikaja. Katibu, Bwana Famau,
akaelekeza kalamu: Na kosa hili
mtalisahihisha lini?
Hilo halisahihishwi, babu akajibu.
Hilo ndilo sahihi.
Katibu akaandika. Sijui aliandika maana ipi.

Vigae vilipelekwa chooni, vinang'aa huko hadi leo.
Rangi ilipakwa mlango wa nyuma, na madebe tisa
yamepandwa mirehani.
Asubuhi ile, kabla watu hawajajaa,
nilichota maji ya birika kwa kata ya kifuu
nikanawa chokaa kwenye kucha,
mkono wa kushoto kwanza.
Visamaki wa birikani
hawakuona ajabu.